Fimbo Mlangoni kwa Mama

Mama yangu alikuwa bingwa wa kupiga magoti. Kanisani kwetu Mbulumbulu wako watu wanaojulikana kwa sauti, wengine kwa sadaka, na wengine kwa kusinzia wakati wa mahubiri. Mama alijulikana kwa magoti. Wenzake walipiga magoti huku makalio yameegemea benchi, ujanja ambao nadhani hata malaika wameshauzoea. Yeye alisimama juu ya magoti yake wima kama nguzo ya uzio, kwenye saruji tupu, mpaka padre mwenyewe achoke. Nilipokuwa mdogo nilidhani ameajiriwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo magoti yalipomgomea, hayakuondoka peke yake.

Sikuwepo yalipoanza. Mimi ni mtu wa kuondoka. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga wala kwa shida, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na barabara ilinishinda nguvu. Tangu hapo nimechuma kahawa Oldeani, nimeosha magari ya watalii Karatu mjini, nimemenya viazi kwenye kambi za ukingo wa kreta kwenye baridi ambayo watalii wanalipia na sisi tunaivumilia. Kila mahali nauliza maswali. Nimefukuzwa kazi kwa maswali mara nyingi kuliko kwa uvivu, ingawa uvivu nao sitaki kuunyima haki yake.

Nilirudi nyumbani wakati wa masika, kambi imefungwa, nikamkuta mama amelala mchana, amegeukia ukuta. Mama ambaye hakuwahi kulala mchana hata alipotoka kujifungua. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka jikoni kama wao ndio wenye hati ya nyumba. Dada yangu, aliyeolewa ng'ambo ya korongo, alikuwa analeta chakula asubuhi na jioni anakirudisha vilevile, kimepoa.

Dada ndiye aliyenieleza. Magoti yalivimba wakati wa kuvuna ngwara, yale maharage yetu ya biashara. Mama akaenda kanisani hivyohivyo, na ulipofika wakati wa kupiga magoti akashindwa. Kanisa zima likashuka, yeye akabaki juu kwenye benchi peke yake, kama kichuguu katikati ya shamba lililolimwa. Hakurudi tena. Baada ya kanisa akaacha jumuiya, yaani wale majirani wanaokutana kila wiki kusali nyumba kwa nyumba. Akaacha mnada. Akaacha shamba. Mwisho akaacha hata kuwafukuza kuku.

"Aayo," nilimwambia, kwani kwetu mama anaitwa hivyo, "unaumwa nini?"

Akasema haumwi, anasubiri. Nikamuuliza anasubiri nini. Akauambia ukuta kwamba mwanawe ameenda dunia nzima na bado anauliza kama mtoto.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mama akinitukana huwa ananitazama.

Kabla ya hospitali tulipita kwanza kwa wataalamu wote wasiosomea. Tulipaka mafuta ya kondoo. Tulipaka majani yanayowasha, ambayo hayakuponya goti ila yalilipa kitu kingine cha kufikiria. Dereva mmoja wa magari ya watalii alinipa chupa ya mafuta ya mbuni, dawa ya viungo vyote, na yakanuka wazi kabisa kwamba mbuni huyo aliwahi kukaangiwa samaki. Mama naye alikuwa na siri yake chini ya mto: vidonge vya maumivu vya duka la dawa, alivyokuwa anavitafuna kama karanga mpaka tumbo likaanza kuwaka. Mimi husoma kila karatasi inayokuja mkononi, hata zile zilizokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Nilipoisoma ya vidonge vile, na onyo lake kuhusu tumbo, nikaita bajaji siku hiyohiyo.

Daktari aliyetupokea Karatu alikuwa binti kijana, na mama alimwangalia kama anayesubiri daktari wa kweli aje. Binti akayakandamiza magoti, akatupeleka kwenye picha, akarudi na goti la plastiki kutufundisha. Gegedu, ile nyama laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa, ilikuwa imelika. Nikaomba kulishika lile goti. Nikalikunja, nikalikunjua, nikauliza ile kamba ya nyuma inafanya nini na hii ya pembeni je. Mama akaniambia nirudishe goti la watu.

Kisha daktari akaacha magoti. Akamuuliza mama kama analala. Kama chakula kina ladha. Kitu gani zamani kilikuwa kinamfurahisha. Mama alijibu hilo la mwisho tu. Alisema alikuwa anafurahi kupiga magoti. Daktari hakucheka, na kwa ajili hiyo nilianza kumpenda. Akaniomba nitoke nje kidogo.

Nilitoka, nikasimama pale ambapo mtu mwenye adabu asingesimama. Nikamsikia anauliza taratibu, "Mama, kuna siku unatamani usiamke?"

"Kila siku," mama akasema, kwa sauti ileile anayotumia kutaja bei ya maharage.

Nilipoitwa ndani sikuwa na swali hata moja. Daktari akatueleza kwamba mama ana magonjwa mawili yanayokula sahani moja. Goti linamfungia ndani. Kukaa ndani kunauinamisha moyo, na ugonjwa huo unaitwa sonona. Moyo ukiinama mtu hasogei, na asiposogea goti linazidi kukakamaa. Mama akauliza upi unatibiwa kwanza. Daktari akasema yote, pamoja. Mama akapewa dawa ya maumivu ya kunywa kwa kipimo na baada ya chakula, vidonge vya sonona ambavyo tuliambiwa havina haraka, vitachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na tarehe ya kurudi. Daktari akamwambia pia kwamba siku ile tamaa ya kutoamka ikizidi, asiibebe peke yake, aniambie mimi au dada, tumlete. Na atembee kila siku, hata kidogo.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa kijana mnene mwenye furaha isiyokuwa na sababu. Alimfundisha kunyoosha mguu akiwa amekaa, na kunyanyuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono: sogea ukingoni, rudisha miguu nyuma, inama mbele, pua ipite vidole vya miguu, simama. Mama alisema ni aibu mtu wa umri wake kufundishwa kusimama. Halafu kijana akatoa fimbo. Ilikuwa ya chuma chepesi, inang'aa, ina mpira chini.

Mama aliitazama, akasema huo ni mguu wa meza.

Njia nzima ya kurudi alieleza msimamo wake. Fimbo ni ya mzee wa kiume. Bibi yake alikufa mikono mitupu. Akishika lile lichuma, litang'aa mpaka Oldeani na watu watasema amekwisha. Mimi nikajibu kwamba yeye mwenyewe anasema amekwisha, sasa anamficha nani. Nilimwona ameudhika, na kuudhika kulikuwa hatua kubwa.

Nilimfuata rafiki yangu mmoja, mzee wa Kimaasai wa upande wa Ngorongoro ambaye tulilinda naye kambi. Alikuwa ameshusha ng'ombe mnadani. Nilimweleza, akanipa fimbo yake mwenyewe, ya mti mgumu wa milimani, nyembamba, ndefu, imekolea rangi kwa mafuta ya mikono. Nilitaka kuikata ifike kwenye kifundo cha mkono kama tulivyofundishwa. Mama akanizuia, na mara ya kwanza tangu nirudi nikaona macho yake yana hila.

"Usiikate," alisema. "Ikiwa ndefu, mtu akiiona atajua ni ya mgeni. Mmaasai kapita kuulizia ng'ombe."

Hivyo ndivyo alivyoikubali. Niliipigilia kipande cha tairi kutoka kwenye katambuga, kile kiatu cha matairi, chini isiteleze kwenye tope, naye akaishika katikati, kama mchungaji. Masharti yake yalikuwa haya: atatembea asubuhi wakati ukungu bado umekaa shambani, kutoka mlangoni hadi zizini na kurudi, na hakuna mtu atakayemwona. Ndani ya nyumba angeshika kuta. Na fimbo iliyokanyaga tope la zizi haiingii ndani, kwa hiyo ilikaa nje, imeegemea mlango, usiku na mchana.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Siku nyingine alifika zizini. Siku nyingine alifika mlangoni, akaitazama fimbo, akarudi kwenye ukuta wake. Mimi nilijifanya nina shughuli nje kila asubuhi, mtu ambaye hajawahi kuamka mapema bila kulipwa. Nilimfungia mfuko wa ngwara kwenye kifundo cha mguu awe anaunyanyua akiwa amekaa. Alilalamika kwamba amelima ngwara maisha yake yote na sasa ngwara zinamlima yeye. Lakini alianza kula. Kidogo, na kwa lawama, lakini alikula.

Kisha nikaenda Karatu mjini kununua dawa za kuku, na dereva wa bodaboda ninayemfahamu tangu zamani akanipa mkono wa heshima nisiyostahili.

"Kaka, hongera," akasema. "Tumesikia nyumbani mmepata baba. Ana ng'ombe wangapi?"

Huku kwetu kila mtu, awe Mwiraqw, Mmaasai au mtu wa kuja, amesikia kwamba mwanaume wa Kimaasai akiingia nyumba ya mwanamke huchomeka mkuki nje, na mwenzake akiuona hupita zake. Yule rafiki yangu wa kambini anasema mambo hayo yana taratibu zake za rika na hayaendi hovyo kama watu wanavyosimulia. Lakini umbea haujawahi kuuliza taratibu. Mikuki haionekani sana siku hizi, fimbo inatosha. Na pale kwetu fimbo ndefu ya Kimaasai ilikuwa mlangoni kwa mjane asubuhi, mchana na jioni. Kwa hesabu ya majirani, mgeni huyo hakuwahi kutoka hata kwenda haja.

Mama alikuwa amepanga watu wadhani fimbo ni ya mgeni. Walidhani. Alisahau tu kwamba mgeni lazima siku moja aondoke.

Nilirudi nyumbani nimekosa raha. Mimi mwenyewe ningeshangilia baba wa kambo mwenye ng'ombe. Lakini nilimfahamu mama. Mwanamke aliyekimbia kanisa kwa sababu ya kukaa kwenye benchi angefanya nini akisikia hili? Nilijiona namrudisha ukutani kwa mikono yangu. Nikaiingiza fimbo ndani. Akaitoa, akanisema kwa tope. Nikaiingiza tena. Akauliza kama na mimi nimeanza kuumwa kichwa.

Jumuiya ilikuja siku ya Alhamisi mchana. Haikuwa zamu yetu. Nilizisikia nyimbo zikipanda kutoka barabarani, nyingi kuliko kawaida, na walipotokea kwenye migomba niliona hata wale ambao huwa hawaji kabisa wamekuja. Walipita karibu na fimbo wakiikwepa kana kwamba inauma. Waliingia, wakajaa kwenye viti, kwenye mkeka, kwenye gunia la mahindi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mazoezi, kanga begani, amepigwa na butwaa.

Mwenyekiti wa jumuiya ni mama mmoja mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kabla hajaingia alinishika mkono pembeni ya tangi la maji.

"Mwanangu, wewe ni mtu mzima," akaninong'oneza. "Fimbo ile ni ya nani?"

"Ya mama," nikasema.

Akanipapasa bega kwa huruma. Akasema ni vizuri mtoto kumsitiri mzazi.

Wakasali. Wakaimba. Nikagawa chai, na nikaona macho yote yanakunywa kutoka mlango wa chumba cha mama, ambao ulikuwa na pazia, na pazia lilipopepea kidogo chai ya mtu ilimwagika. Kisha mwenyekiti akaanza kuzungumza kuhusu wajane. Alizungumza kuhusu wajane wa zamani na wajane wa siku hizi, na upweke ulivyo mlango, na jinsi si kila anayebisha anafaa kufunguliwa, hasa akiwa wa kabila la mbali na wake zake wapo. Mama alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya mwingine. Kisha nikaona kichwa kimesimama. Akatazama mlango. Akatazama pazia. Akanitazama mimi.

Nilishika birika kwa mikono miwili. Nilikuwa nangoja aanguke ndani yake mwenyewe kama alivyokuwa ameanguka kanisani.

"Mnataka kumwona?" mama akauliza.

Mwenyekiti akasema kwamba kama yupo, basi atoke awasalimie watu, wao si wabaya.

"Mlete," mama akaniambia.

Nikaenda nje nikarudi na fimbo na tope lake. Mama akasogea ukingoni mwa kiti. Akarudisha miguu nyuma. Akainama mbele mpaka pua ikapita vidole, kama kijana mnene alivyotaka, na akasimama, bila kugusa kiti, mbele ya jumuiya nzima. Akaishika fimbo katikati. Akavuka chumba kwa taratibu, kati ya magoti ya watu, mpaka kwenye kalenda ya ukutani, akageuka, akarudi. Alikuwa anachechemea. Hakuficha.

"Huyu ndiye," akasema. "Ananishika mkono kila asubuhi. Hanywi, hakoromi, haombi chakula."

Nani alianza kucheka sijui, lakini kilipasuka chumba kizima. Bibi mmoja kwenye gunia alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Mama hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Nimelala humu tangu mavuno," akasema, "hakuna aliyekuja kuniuliza nimeamkaje. Amekuja mwanaume wa mti, mmejaa mpaka juu ya mahindi."

Hakupaza sauti. Watu walitazama vikombe vyao. Hata mimi nilikitazama cha kwangu, kwa sababu maneno yale yalikuwa na nafasi ya mtu aliyekuwa anamenya viazi Ngorongoro wakati huo.

Bibi wa kwenye gunia ndiye aliyeweka kikombe chini kwanza. Aliuliza kama hiyo fimbo kweli inasaidia, maana goti lake la kushoto linamlilia usiku kama paka. Mwingine akasema la kwake ni la kulia. Baada ya hapo sala iliisha kabisa, ikawa kliniki. Ilibainika kwamba nusu ya kanisa inapiga magoti kwa uongo. Mmoja hushuka mwisho na kuinuka mwanzo. Mmoja hujifanya kutafuta leso iliyoanguka, kila Jumapili, leso ileile. Mwisho mwenyekiti naye akakiri kwamba amekuwa akipaka grisi ya gari ya mwanawe fundi, na mama akamwambia ndiyo maana ananukia kama lori.

Walipokuwa wanaondoka, mwenyekiti alibaki nyuma. Akamwambia mama kwamba Jumapili watampitia.

"Siwezi kupiga magoti," mama akasema.

"Utakaa. Nitakaa nawe. Nitasema nakushikilia."

Nilimwona mama anaipima hiyo. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua, kwamba mama mpana alikuwa anajitafutia benchi yeye mwenyewe. Nadhani ndiyo maana alikubali. Huruma angeikataa, ila ujanja aliuelewa.

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka. Ziko asubuhi ambazo bado anageukia ukuta, na siku hizo, nikiwepo nyumbani, simchekeshi, nakaa tu mlangoni na maswali yangu mpaka anichoke. Tarehe ya kurudi kliniki ilipofika alikwenda, daktari akamwongezea muda wa vile vidonge na kumpunguzia vya maumivu. Mama anamwita sasa daktari wangu, na husahau kwamba alikuwa anamsubiri mwingine.

Jumapili ile walimpitia kweli. Nilifuata nyuma, mimi ambaye kanisa na mimi tuna makubaliano ya kutosumbuana. Wazee wa kiume huacha fimbo zao nje, zimeegemea ukuta wa kanisa, na mama akasimama hapo kidogo, kisha akaiacha yake katikati ya zao. Wakati wa kupiga magoti watu wakashuka, naye akabaki juu kwenye benchi na mwenyekiti ubavuni mwake, amemshikilia kwa nguvu sana mtu ambaye hakuwa anaanguka. Kutoka nyuma walionekana kama vichuguu viwili. Kidogo kidogo leso zikaacha kuanguka na watu wengine wakakaa.

Tulipotoka nje, fimbo ya mama haikuwepo. Mzee fulani alikuwa ameichukua na kuacha yake, fupi, yenye kipini. Nilianza kutafuta. Mama akasimama pale kwenye tope, mikono mitupu, watu wote wanamtazama, akasema, "Huyu naye keshanikimbia." Akaishika ile fupi, ikamfika kwenye kifundo cha mkono barabara kabisa, na akarudi nayo nyumbani.

Kesho yake nilikuwa nafunga begi. Kambi ilikuwa inafunguliwa na barabara ilikuwa imeanza kuniita kwa jina. Mzee akaja kutoka upande wa Qurus, mgane mwenye koti safi na fimbo ndefu ya Kimaasai, kuomba radhi na kurudisha mali ya watu. Aliegemeza fimbo hiyo mlangoni kando ya ile yake fupi, akaingia, akakaa. Mama aliniambia niweke chai kabla sijaondoka. Nikaweka. Waliongea kuhusu magoti, kisha kuhusu mvua, kisha kuhusu watu waliokufa ambao wote wawili hawakuwapenda, na nikasikia mama anacheka.

Nilipochukua begi langu aliniita. Chini barabarani mwenyekiti wa jumuiya alikuwa anapita na kuni kichwani, na tayari alikuwa amepunguza mwendo, shingo imegeukia mlango wetu na fimbo zake mbili.

"Ukimfikia yule," mama akasema, "mwambie kabisa. Moja ni yangu."